Semele za Baba Ukutani

Hadi leo sivai kiatu kabla sijatia mkono ndani. Napapasa kuanzia kisigino, napita kwenye tao la unyayo, nafika kule vidole vinapokaa, ndipo natia mguu. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama anatafuta nyoka. Sitafuti nyoka. Nyoka simwogopi sana kama ninavyokiogopa kile ninachokitafuta, maana nyoka akikuuma, unajua umeumwa.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea kwisha, nikiwa bado shule ya sekondari hapo Bunia, baba yangu na kaka yake walikuwa na jozi moja ya botini. Jozi moja, watu wawili. Mtu asidhani tulikuwa hoi. Nyumba yetu ilikuwa na bati na tulikula mara mbili kama watu wengine. Ila botini za namna ile hazikuwa kitu cha kuingia dukani na kuchagua. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipofunga virago, alitandaza vitu vyake barazani, viti, taa, sufuria, hata pazia, na hao ndugu wawili wakachangia wakachukua botini zake. Zilikuwa za ngozi nene, shingo inapanda mpaka juu ya kifundo, na chini raba yenye meno. Viatu vya mtu wa kupanda vilima na kuwinda. Baba mkubwa alisema kiatu kama hicho kinamzika mwenyewe, na kwa kweli alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyotaka.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake nazo. Baba mkubwa alikuwa mwindaji. Bunduki ya marehemu babu ilikuwa kwake na karatasi ya ruhusa ilikuwa kwake, akishuka nayo upande wa Komanda, kule msitu unakoanzia, kutafuta nguruwe wa porini na wale paa wadogo tunaowaita mboloko. Baba yangu alikuwa mpeleka ng'ombe. Wenye mifugo wa Bule walimwamini, wakimkabidhi wanyama awashushe kwa miguu kutoka vilimani, apite nao Iga Barrière, mpaka machinjioni Bunia. Hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha: miguu ya baba. Nataka hilo lieleweke mapema. Hakuwa na shamba la maana, hakuwa na duka, hakujua kuendesha gari. Alikuwa na miguu.

Basi botini zilikaa juma kwa baba, juma kwa baba mkubwa, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uzio wetu wa miti. Zilivuka uzio ule zikiwa zimefungwa kamba pamoja na kuning'inia begani. Lakini semele hazikuvuka. Semele, yaani ile soli ya ndani ambayo mguu unaikanyaga, ilikuwa mali ya mtu. Kwetu unaweza kuazima shati, unaweza kuazima koti la kwendea harusini, lakini jasho la unyayo wa mtu halikanyagwi. Wazee waliona kwamba uchovu wa mtu unabaki pale, na ukiweka mguu wako unaubeba pamoja na wako. Kwa hiyo jambo la kwanza walilofanya siku ile ya kununua ni kung'oa semele za yule Mzungu, ambazo vidole vyake vilikuwa vimechimba vishimo vitano kila upande, na kuzichoma nyuma ya jiko. Zilikuwa nzuri sana, za ngozi laini na kibonge chini ya tao. Zilitoa moshi mbaya.

Tangu hapo kila ndugu alikuwa na semele zake na msumari wake wa kuzitundika. Za baba zilitundikwa ukutani kando ya mlango wa chumba chao, juu ya kalenda ya misheni. Akirudi safarini anavua botini, anachomoa semele, anazitundika zikauke, halafu botini tupu zinavuka uzio. Mgeni asiyejua angeona vile vitu viwili vyeusi ukutani angedhani ni samaki wa kukausha. Mmoja aliuliza kweli, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Baba mkubwa hakuwa na matatizo ya kuchagua. Mwindaji anataka semele nyembamba. Alikata zake kwenye ngozi ya mbuzi, nyembamba kama karatasi ya daftari ngumu, kwa sababu mguu wa mwindaji lazima usikie. Lazima usikie kijiti kabla hakijavunjika. Alituonyesha hapo uani namna anavyoweka ukingo wa nje wa mguu kwanza, anasubiri, ndipo anateremsha uzito. Mtu mnene yule, lakini ukifumba macho hukujua amefika.

Baba yangu alikuwa kinyume chake. Yeye alitaka asisikie chochote. Barabara ya Bule ni mawe, inapanda na kushuka, na ng'ombe hawasubiri mtu apumzishe miguu. Tena baba alikuwa na unyayo wa bapa, uliolala chini mzima kama pasi, na mtu wa namna hiyo asipowekewa kitu cha kuinua tao, uchovu unampanda mpaka magotini. Kazi ya kutafuta semele ikawa ya mama.

Alianza na ngozi ya ng'ombe, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Ilimfaa kiangazi. Mvua ilipoanza, ikalowa, ikakauka ikiwa imejikunja, baba akarudi Jumamosi moja anatembea kama amekanyaga vigae. Mama akajaribu raba ya tairi, ikaunguza na kutoa jasho mpaka ngozi katikati ya vidole ikaoza. Akajaribu kusuka maganda makavu ya mgomba, na hizo baba alizisifu sana, laini na baridi, ila zilisagika kabla ya kufika Iga Barrière na akatembea sehemu iliyobaki na unga ndani ya soksi. Baba mkubwa alimletea kutoka Komanda kipande cha gome la mti lililopondwa kama nguo, la watu wa msituni. Hilo nalo lilikaa muda. Sikumbuki kwa nini liliachwa. Nafikiri panya.

Katikati ya majaribio hayo, miguu ya baba ikaanza kuwaka.

Sijui niseme nini zaidi ya hivyo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, inawaka. Si kidonda, si uvimbe. Alirudi jioni, akakaa kwenye kiti chake cha kamba, mama akamletea beseni la maji ya kisima, na baba akatumbukiza miguu na kufumba macho. Maji yakipata uvuguvugu alinipigia kelele nibadilishe. Alikuwa mtu mpole, na yale makelele yalinikasirisha kweli, nami sikuwa na mdomo mfupi. Nilimjibu kwamba kisima si cha kwetu peke yetu. Alikuwa anakunywa maji pia, kikombe baada ya kikombe, kana kwamba moto wenyewe ulikuwa pote, ndani na nje.

Majirani wote wakawa madaktari wa miguu. Mmoja alisema ni raba ya Wazungu haipatani na damu yetu. Mwingine alisema ni ng'ombe wa watu, kuna mwenye wivu kati ya wapeleka ng'ombe amezika kitu njiani. Mwalimu wa katekisimu, mtu aliyependa kuongea kuliko kusikiliza, alisema ni soksi za nailoni. Sikumpenda hata kabla ya hapo. Lakini karibu wote, wakimaliza kusema hayo yao, walikubaliana na mama kwamba kosa kubwa liko kwenye semele. Na wangefikiri nini? Mtu anatembea sana, miguu inauma, basi angalia kile anachokikanyaga. Hata sasa sioni ujinga hapo. Ilikuwa akili ya kawaida tu, nayo ilituacha mkono.

Baba akakonda. Kwa hilo tulikuwa na jibu pia: ng'ombe wanamkondesha, mwanaume hali barabarani. Na nyuma ya nyumba, pale wanaume walipojisaidia haja ndogo kando ya mgomba, wakatokea sisimizi wengi sana, mstari mweusi asubuhi hadi jioni. Mama alitulaumu sisi watoto kwamba tunamwaga juisi ya ndizi. Tuliapa hatujamwaga. Akamwaga majivu, sisimizi wakazunguka majivu.

Bulangeti la mama ndilo lililoshinda vyote hivyo kwa uzuri. Mama alikuwa ametoka vilimani, juu zaidi ya Bule, kwenye baridi ya kweli, na alipoolewa mama yake alimpa bulangeti la sufu, la rangi ya majivu, zito kama mtoto aliyelala. Lilikuwa kitu chake. Hakuna aliyelitumia ila mgonjwa au mzazi. Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta amelitandaza mezani na ameshika kisu cha baba cha kukatia ngozi. Nilimwambia atajuta. Akaniambia nishike upande ule na ninyamaze.

Alikuwa na namna yake ya kukata. Alikunja kitambaa katikati, akaweka juu kielelezo cha karatasi ngumu alichokichora kwa mguu wa baba, akakata zote mbili kwa pigo moja la kisu, ili mguu huu usiuonee wivu ule. Ndivyo alivyosema. Halafu akashona tabaka juu ya tabaka, mshono karibu na mshono, mpaka sufu ikawa ngumu ila bado inabonyea. Mwisho kabisa alitengeneza kibonge, kitambaa kilichokunjwakunjwa, akakishona upande wa ndani chini ya tao. Akatia mkono wake ndani ya botini, akakandamiza, akatoa, akapunguza uzi, akakandamiza tena. Ilimchukua siku nzima, na chakula alipika dada yangu mdogo, kibichi.

Baba alienda nazo Bule. Aliporudi hakuomba beseni. Tulikaa tukimwangalia, nami nilikuwa nimeshachota maji kwa hasira tayari. Baba akanyoosha miguu, akaitazama kama mtu anayetazama watoto wa jirani waliotulia ghafla, akasema haiumi. Safari iliyofuata pia haikuuma. Baada ya muda ule moto wa jioni ukaisha kabisa, na baba akaanza kupiga mluzi tena akinyoa ndevu.

Sijawahi kumwona mama yangu amefurahi namna ile, kabla wala baadaye. Habari zikapita uzio, zikapita mtaa. Wanawake walikuja na viatu vya waume zao vimefungwa kwenye khanga: mlinzi wa ghala, mtu wa posta, utingo wa lori la Komanda. Mama alipima, akakunja, akakata zote mbili kwa pigo moja. Bulangeti likapungua pembe moja, likapungua pembe ya pili. Akinisikia nalalamika aliniambia niache roho mbaya, bulangeti hilo limemponya mume wake, lifanye kazi. Limemponya. Alilitumia neno hilo kila siku, sokoni na kanisani. Hata mwalimu wa katekisimu alimletea viatu vyake.

Wakati huo botini zenyewe zilikuwa zimechoka. Visigino viliisha, na fundi wa viatu sokoni akaviwekea raba ya tairi na kuipigilia misumari. Kazi ilikuwa nzuri, hakuna wa kumlaumu. Misumari aliipinda vizuri na kuifunika. Lakini barabara ya Bule haijali kazi ya mtu.

Ilikuwa majira ya mvua. Baba alirudi Jumapili mchana na ng'ombe wa mtu mmoja mkubwa, akawafikisha, akaja nyumbani amelowa. Alikuwa amechoka kupita kawaida, ila na uso mzuri. Akavua botini mlangoni, soksi zake nyekundu zote kwa udongo wa njiani kama ilivyokuwa kila mara, akaenda kulala bila kutundika semele. Hilo halikuwa limetokea hata mara moja. Mama aliona, akasema mwacheni apumzike.

Asubuhi yake juma lilikuwa la baba mkubwa. Wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye lori la kwenda Komanda, dereva anapiga honi. Akaingia kwetu mbiombio, bunduki begani, semele zake za mbuzi mkononi, akazikuta botini pale mlangoni. Sidhani aliangalia ndani. Nani angeangalia? Miaka yote botini zilipokewa tupu. Akazipachika semele zake juu ya za baba, akatia mguu wa kushoto, akatia wa kulia, akainuka.

Akakaa tena palepale kwenye kizingiti. Hakupiga kelele. Alivua botini ya kulia polepole, akatia mkono ndani, akakaa na mkono mle kwa muda. Kule nje honi ilikuwa inalia bado. Akatoa semele yake ya mbuzi: ilikuwa na tundu jipya. Akatoa ile ya sufu. Ilikuwa na tundu pia, pale kisigino kinapokaa, lakini tundu hili halikuwa jipya, lilikuwa pana, nyuzi zake zimelainika kwa kusuguliwa, na kulizunguka sufu ilikuwa imekauka ikawa ngumu na nyeusi. Kichwani mwangu nilikuwa na maneno tayari ya kumlaumu kwa kukanyaga semele za mtu. Nikayameza.

Akamwita baba. Baba akatoka chumbani anajifunga shati, akatembea mpaka pale barazani kwa miguu mitupu, akitembea vizuri, mtu mzima wa afya.

"Mudogo," baba mkubwa alisema, "nionyeshe muguu yako."

"Iko muzuri, yaya. Toka mama ashone hii semele, haiumake tena," baba akamjibu kaka yake.

"Kuko musumari ndani. Miye sikutembea nayo hata hatua moja. Weye umetoka nayo Bule."

Baba akacheka kidogo, akadhani anataniwa. Akakaa, akainua mguu wa kulia akauweka juu ya goti la kaka yake, kama walivyofanya labda utotoni wakichomana miiba. Kisigino kilikuwa na shimo. Sitaki kulieleza. Nitasema tu kwamba baba mkubwa alitia ncha ya kidole pale, na sote tulikuwa tunautazama uso wa baba, na uso wa baba ulibaki vilevile, unasubiri.

"Nimeshika," baba mkubwa akasema.

"Umeshika wapi?" baba akauliza.

Lori likaondoka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, si kwa mtu yeyote: "Basi haikukuwa semele."

Nimeishi miaka mingi na sentensi ile. Semele hazikumponya. Miguu ilikuwa imeacha kuwaka kwa sababu ilikuwa inakufa, na sisi tuliuita uzima, tukauimbia kanisani.

Walimpeleka hospitali ya misheni, barabara ya kusini, juu ya lori la mihogo. Mama na baba mkubwa walikwenda naye. Mimi nilibaki na wadogo. Muuguzi aliomba mkojo kwenye kopo, na hata kabla ya kipimo aliuliza kama nyumbani kuna sisimizi. Mama alituambia hilo aliporudi kuchukua nguo, akilisema kama mtu aliyepigwa kofi na hajui kwa kosa gani. Sukari. Ugonjwa huo kwetu tulidhani ni wa mapadre na wakubwa wa kampuni, watu wenye kukaa na kula keki. Baba yangu hakuwahi kuweka sukari hata kwenye chai, alisema inamharibia ladha ya maziwa. Nilikasirika. Sikuwa na wa kumkasirikia, nikakasirika hivyohivyo, kwa miezi.

Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Alirudi na magongo ya seremala wa hospitali na sindano za kutunzwa mahali pa baridi, dawa ambayo mara ilikuwapo mjini na mara haikuwapo. Wenye ng'ombe wa Bule walikuja kumsalimu, wakaleta maziwa, wakakaa kwa heshima, na mwisho wakasema wamempata kijana mmoja wa kushusha wanyama kwa sasa. Kwa sasa, walisema. Baba aliwashukuru. Alikuwa na adabu nyingi siku ile hata nikatoka nje.

Wanawake waliendelea kuja na viatu kwa muda. Hawakujua, au walijua na hawakuona uhusiano. Waume zao walizipenda semele zile, na kwa haki ya Mungu zilikuwa semele nzuri. Mama aliwarudisha wote. Kisu cha ngozi alikipeleka kwa baba mkubwa akamwambia akae nacho. Kilichobaki cha bulangeti alikikunja akakitia chini kabisa ya sanduku. Ukutani juu ya kalenda ulibaki msumari mtupu, maana zile semele za sufu baba mkubwa alizichoma mwenyewe nyuma ya jiko, mahali palepale.

Ni baba aliyeyaamsha tena mambo hayo. Alichoka kukaa. Alitaka kufika angalau barabarani, aone magari, aone ng'ombe wa watu wakipita. Mguu wa kushoto nao ulikuwa unapoteza masikio yake polepole, na hospitali walisema usiguse chini bila kiatu kizuri. Baba mkubwa akavuka uzio siku hiyo na botini moja tu mkononi, ya kushoto. Alikuwa ameing'oa misumari yote na kuirudishia kisigino kwa gundi na uzi. Ya kulia ilibaki kwake. Kwa kuwinda hakuwa na kitu tena, na nilimwona baadaye akienda Komanda na viatu vya plastiki. Bunduki alikwenda nayo mara chache, kisha akaacha.

"Mbele tulikuwa tunagawana majuma," alimwambia baba. "Sasa tugawane miguu."

Wakacheka, wote wawili, cheko baya sana. Ndipo baba akageuka kwa mama na kumwomba ashone semele. Mama akakataa. Akasema mikono yake ilimdanganya mara moja, inatosha. Baba alisema tu kwamba mguu huu hautamwambia kitu tena, kwa hiyo anahitaji mtu wa kuusikilizia, na haoni mwingine.

Mama alikwenda kwenye sanduku. Kisu kililetwa kutoka ng'ambo ya uzio. Alitandaza kile kipande cha bulangeti mezani, akakikunja, akaweka kielelezo, akakandamiza kwa kiganja, akakata. Nilikuwa nimeshika upande wangu kama zamani. Na alipoinua kitambaa, zikawa mbili.

Mikono ilikuwa imezoea; ilikunja kama ilivyokunja kwa mume wake miaka yote na kwa waume za watu. Mama alisimama pale, moja mkono huu, moja mkono huu, na uso wake ukaanza kuharibika. Nilitaka kumnyang'anya ile ya pili niifiche. Nilichelewa, baba alikuwa ameshaiona.

"Usitupe," alisema. "Hujashona kibonge bado. Uigeuze, itakuwa ya kushoto. Hii ikiisha, nitavaa ile."

Basi mama akazishona zote. Ya kwanza akaweka kibonge upande mmoja, ya pili akaigeuza akakiweka upande mwingine, na kweli zikawa za kushoto zote mbili, haziwezi tena kuitwa jozi. Moja iliingia kwenye botini. Nyingine ilitundikwa juu ya kalenda kusubiri zamu yake. Kila asubuhi mama alitia mkono ndani ya botini ile, akapapasa kuanzia kisigino mpaka vidole, akapekua soksi, akamvisha. Jioni alimvua, akaukagua unyayo kwenye mwanga wa mlangoni, akarudia kupapasa. Hakuamini mtu mwingine kufanya kazi hiyo, hata mimi. Nilijifunza kwa kumwangalia.

Baba alifika barabarani. Alikaa pale kwenye jiwe la jirani, magongo kando, akiwaambia wapeleka ng'ombe vijana kwamba wanawakimbiza wanyama mno. Mvua zikaja, kiangazi kikaja, mvua zikaja tena. Mwaka ambao dawa ilikosekana mjini kwa muda mrefu, alilala, mama akamfunika kile kilichobaki cha bulangeti, ambacho hakikufika tena miguuni.

Baada ya matanga baba mkubwa alikuja kuchukua botini ya kushoto, kuiweka pamoja na mwenzake. Mama alichomoa semele kwanza, kama ilivyo desturi, akaishika kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza huku na huku. Kisigino kilikuwa kimebonyea kidogo tu. Sufu ilikuwa nzima. Ile ya pili ilikuwa bado inaning'inia juu ya kalenda, safi, haijakanyagwa, na mama akatundika ya kwanza kwenye msumari uleule, juu yake.